Simu ya Mzee Lihanda

Mwezi uliopita tulimzika Ingosi, fundi aliyenifundisha kazi ya simu. Mshereheshaji alisimama katikati ya hema akatangaza kwa kipaza sauti kwamba marehemu hakuwahi kushindwa na simu. "Ukimpelekea imekufa, anakurudishia ikiongea!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya nne, karatasi ya ratiba mkononi yenye picha yake akiwa ameshika bisibisi, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawa moto. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Sawa, asisemwe vibaya. Lakini nani aliyepitisha kwamba lazima asemwe uongo? Aisifuye mvua imemnyea, na mimi pia ilininyea mwaka mzima, ila sina sifa za kutoa. Kisha mshereheshaji akaita wanafunzi wake wasimame. Tukasimama saba. Kipaza sauti akanipa mimi kwa kuwa nilikuwa msichana wa kwanza kufundishwa naye, na hema lote likanigeukia, mjane wake mbele kabisa akiwa na leso mdomoni. Nikasema mzee alikuwa mtu wa bidii, Mungu amlaze mahali pema, nikaketi. Hayo tu. Dakika ile nilijichukia kuliko nilivyomchukia yeye.

Nilipokuwa nimesimama kando ya sufuria za wali nikijifanya natafuta sahani, mtu akanigusa bega. "Asalaam aleikum, dada Muhonja." Alikuwa Juma wa Mumias, tuliyefanya naye kazi kwa Ingosi mwaka ule, siku hizi anasafirisha mahindi, tumbo limemtangulia na ndevu zimejaa. Nikaitikia salamu. Akaniambia nimeongea vizuri. Nikamwambia nimeongea uongo na yeye anajua. Juma akasema polepole, "Yule mama yuko hai, unajua? Anaishi Malava, hapo nyuma ya soko. Nilimwona nikishusha mzigo." Hakumtaja jina, na mimi sikuuliza ni mama gani. Niliirudisha sahani mahali pake, nikaenda kukaa ndani ya gari mpaka wenzangu walipomaliza kula.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Duka la Ingosi lilikuwa Amalemba, mjini Kakamega, katika chumba kimoja nyuma ya fundi wa cherehani, na kati yetu na fundi huyo palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba uliopitisha kila neno. Tulijua nani kaachika, nani kapata kazi ya kaunti, nani anashonewa gauni la harusi huku bwana arusi hajajulishwa. Meza yetu ilikuwa ndefu, imetandikwa blanketi kuukuu la kijivu ili skrubu zisiviringike zikapotea. Palikuwa na kompyuta moja ambayo kifuniko chake kilishikiliwa kwa mpira wa baiskeli, na harufu ya risasi ya kuchomelea ilichanganyika na ya pasi ya jirani mpaka nguo zetu zikanuka vile hata Jumapili kanisani. Saa nne tulikunywa chai kwa vikombe vya plastiki. Saa saba, kama siku imeenda vizuri, tulichanga tukanunua maharagwe na chapati mbili kila mtu. Isipoenda vizuri, chapati moja na maneno mengi.

Kazi yetu haikuwa ya kubadilisha vioo peke yake, na hapa lazima nimpe Ingosi haki yake, ingawa inanichoma. Wakati ambapo mafundi wengine wa mji walikuwa wanauza vifuniko na kubandika plastiki, yeye alikuwa anaokota simu zilizotupwa na kampuni zilizozitengeneza. Unajua inavyokuwa: unanunua simu, miaka miwili mitatu inapita, kampuni inachoka nayo, haiipelekei tena marekebisho, na simu nzima isiyo na kasoro inageuka ya kizamani mfukoni mwako. Ingosi aliufuta ule mfumo wa kampuni akaweka Linux, mfumo unaoandikwa na watu wa kila pembe ya dunia na kutolewa bure, usio na mwenyewe mmoja wa kuuchoka. Simu iliyokuwa inakokota miguu ikaamka. Wateja wake walikuwa walimu, makarani, wanafunzi wa chuo na wazee wachache waliochukia kufuatwafuatwa. Walilalamika kwamba haina WhatsApp, naye akawajibu, "Sasa hata shemeji yako hawezi kukusumbua. Utanishukuru." Wakacheka, wakaichukua.

Na alifundisha vizuri. Hilo ndilo linalonikasirisha mpaka leo, kwamba alijua. Siku yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya simu iliyovunjika kioo akaniambia, "Sikiza, wewe Muhonja. Simu ni nyumba. Kuna sebule na kuna chumba cha kulala. Mfumo unakaa sebuleni. Mambo ya mwenye simu, picha, sauti, majina ya watu wake, yanakaa chumbani. Ukiapdeti, unabomoa sebule unajenga ingine. Chumbani huingii." Kisha akanieleza yote kwa subira ambayo sijaiona kwa mwalimu yeyote wa shule. Kwanza toa nakala ya vitu vya mwenye simu uviweke kwenye kompyuta, uifungue nakala uone inafunguka. Betri iwe imepita nusu, tena betri kuukuu usiiamini, inakwambia thelathini na huku iko kaburini. Apdeti ikianza, usiguse, usiondoke, kaa nayo kama uji jikoni. Ikikwama kwenye nembo, usishikwe na wazimu: kuwaka kwa mara ya kwanza baada ya apdeti kunaweza kuchukua robo saa. Ikikataa kabisa, izime, bonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, uingie kwenye ukurasa wa uokoaji, uunganishe waya na kompyuta, urudishe mfumo. Na ukifika pale panapouliza kama ufute vitu vya mwenye simu, kisanduku kile kidogo, "usiweke tiki. Hata mimi nikikwambia weka, usiweke." Alisema hivyo. Kwa mdomo wake, mbele ya Juma.

Nilirudisha simu nyingi mwaka ule kwa njia hiyo. Niliipenda kazi ile kwa namna ambayo naona haya kuieleza. Kulikuwa na wakati, baada ya kusubiri na kusubiri, ambapo kioo cheusi kilipiga nuru kidogo pembeni, na mimi nikajikuta nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Juma alinitania: "Huyu dada ataolewa na simu, na mahari italipwa kwa chaja."

Mama Mmbone alikuja Jumatano moja ya mwezi wa nane, amebeba kapu kichwani na simu ameifunga kwenye pindo la leso. Nilimjua kidogo. Mume wake, Mzee Lihanda, karani mstaafu wa kiwanda cha sukari, alikuwa amenunua simu ya Linux kwetu mwaka uliotangulia kwa sababu alitaka, alivyosema mwenyewe, simu isiyopeleka mambo yake kwa watu asiowajua. Alifariki kabla ya Pasaka. Sasa mjane wake aliketi kwenye kiti cha wateja, akapumua, akaeleza shida yake. Walikuwa na mabinti wawili walioolewa mbali, hawakuwa na mtoto wa kiume, na arobaini ya mzee haikuwa hata imeisha ndugu zake walipoanza kupima shamba kwa hatua. Walimwambia arudi kwao. Jumamosi ile wangekutana kwa chifu. Lakini mzee, alipoona ugonjwa hauondoki, alijirekodi kwenye simu yake akisema nyumba na shamba ni la nani. Mama Mmbone alitaka kitu kimoja tu: sauti ile itolewe kwenye simu, iwekwe mahali pengine pia, ili isipotee kabla ya Jumamosi.

Akatuwekea tukaisikia, mimi na Ingosi. Ilikuwa dakika mbili na kidogo. Ukuta wa mbao ulinyamaza upande wa pili. Hata cherehani ilisimama. Spika ya simu ilikuwa inakwaruza, lakini kila neno lilisikika. Ilipoisha, Mama Mmbone akafuta kioo kwa pindo la leso na kusema, "Hiyo tu ndiyo niko nayo."

Nilichomeka waya kwenye kompyuta. Kompyuta haikuiona simu. Nikageuza, nikapuliza, bado. Waya wetu mzuri Juma alikuwa ameondoka nao asubuhi kwenda kwao Mumias kumtengenezea mteja, na angerudi jioni. Nikamwambia Ingosi tungoje. Na hapo ndipo mzee yule, kwa hiari yake, bila mtu kumwomba, aliposema, "Hiyo spika inakwaruza kwa sababu mfumo ni wa zamani. Kuna apdeti imetoka wiki hii, imetengeneza mambo ya sauti. Wacha tuapdeti, wazee wasikie vizuri."

Nikamwambia hatujatoa nakala.

"Apdeti haiingii chumbani. Nilikufundisha nini?"

Nikamwambia betri inasoma ishirini na nane.

"Si iko kwa chaji?"

Leo nina duka langu mwenyewe, na nimewafundisha vijana kumi na wawili, na jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba mtu akiwa na kitu cha lazima kesho, simu yake haiapdetiwi leo. Hata kama apdeti imetoka mbinguni. Simu ile ilikuwa inafanya kazi! Ilikuwa inakwaruza tu, kama Mzee Lihanda mwenyewe alivyokuwa anakwaruza kifuani. Na kitu kingine, ambacho kilinijia siku ya tatu nikiwa naosha vyombo, nikaketi chini palepale kwenye sakafu yenye maji: ningechukua mulika mwizi yangu, kile kisimu cha tochi nilichotembea nacho, nikaiweka kando ya spika nikairekodi sauti ile ikipigwa. Dakika mbili na kidogo. Msichana niliyejua kufufua simu zilizokufa sikuwa na akili ya kufanya jambo ambalo mtoto wa darasa la tano angelifanya. Nilikuwa nimefundishwa njia moja sahihi ya kutoa nakala, na njia hiyo ilipokosa waya, nikaona nakala haiwezekani.

Ingosi akabonyeza. Mstari ukaanza kutembea kwenye kioo. Nikavuta kigoda nikaketi nao kama nilivyofundishwa. Ndipo Mama Mmbone alipofungua kapu. Alikuwa amepika ingokho, kuku mzima wa kienyeji, na obusuma, ugali wetu, ya wimbi bado inatoa mvuke ndani ya majani ya mgomba. Alikuwa amekuja kushukuru kabla hajasaidiwa, kama watu wetu wanavyofanya, ili usaidizi usiwe na njia ya kukataa. Ingosi akacheka kwa furaha, akasukuma simu zote upande mmoja wa blanketi. "Muhonja, leta maji watu wanawe mikono."

Kwa wasioijua nyumba ya namna ile, nieleze. Chakula cha shukrani hakiliwi kwa zamu. Mleta chakula anaketi, mwenye nyumba anaketi, walio ndani wanaketi, na anayenyanyuka kabla ya mkubwa kumaliza amemwambia mpishi kwamba chakula chake ni takataka. Nikapitisha maji. Nikakata obusuma. Imondo, lile firigisi la heshima, Mama Mmbone akaliweka mbele ya Ingosi, naye akaliinua kwa vidole viwili akanitania kwamba siku nikila hilo ndevu zitaniota. Tukala. Ukweli ni kwamba kuku yule alikuwa mtamu, na nilimla, na hilo nalo silisahau. Simu ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Kila mara nikigeuka Ingosi alinitazama kwa jicho lile la wazee, la kukuambia ukae kama mtu aliyelelewa.

Redio ya fundi wa cherehani ikanyamaza katikati ya wimbo. Stima ilikuwa imekatika. Nikanyanyuka nusu.

"Keti."

"Mzee, betri..."

"Nimesema keti. Mgeni atakula peke yake?"

Nikaketi. Mama Mmbone alinitazama, akamtazama Ingosi, hakuelewa ni nini kinachozozaniwa. Akaniongezea mchuzi. "Kula, mwanangu. Mungu akubariki." Nikala huku nikihesabu moyoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa la mtu mwingine. Ingosi alipomaliza, akalamba vidole, akanawa, akashukuru kwa sala ndefu iliyotaja hadi mabinti wa Mama Mmbone. Nilipogeuka kioo kilikuwa cheusi.

Stima ikarudi baada ya nusu saa. Simu ikawaka mpaka kwenye nembo, ikabaki hapo. Mama Mmbone alikuwa nje akisuuza sahani kwenye bomba la jirani, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Nikamwambia Ingosi bado tuko salama: sebule imebomoka, chumbani hakujaguswa, tungoje Juma aje na waya, turudishe mfumo bila kufuta kitu. Tuna mpaka kesho. Tuna mpaka Ijumaa! Yeye akawa amekwisha kutoka mlangoni. Alirudi na waya wa kuchajia wa fundi wa cherehani. Akauchomeka. Kompyuta ikaiona simu papo hapo.

Naomba msomaji asimame hapa pamoja nami, maana mimi sijawahi kuondoka hapa. Waya mzima ulikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao siku nzima. Hatua tisa. Wakati kilichokuwa hatarini kilikuwa shamba la mjane, hakuna aliyewaza kwenda kuuomba, si yeye, si mimi. Jina la Ingosi lilipokuwa hatarini, waya ulipatikana kabla sahani hazijakauka.

Akarudisha mfumo mara ya kwanza, bila tiki. Simu ikawaka, nembo ikakaa. Nikasema tusubiri robo saa. Akasubiri dakika nne, akitazama mlango. Wimbo nje ukakoma. Mama Mmbone alikuwa anafunga kapu. Ingosi akaizima simu, akarudi kwenye ukurasa wa uokoaji, akaunganisha tena. Nikaona kishale kinaelekea kwenye kile kisanduku.

"Mzee, usiweke tiki hapo."

"Nyamaza."

"Ulisema hata ukiniambia..."

"Muhonja! Nani amefungua hii duka?"

Akaweka tiki. Simu ikawaka safi kama imetoka dukani, ikauliza mwenyewe angependa lugha gani. Mama Mmbone akaingia, akaipokea kwa mikono miwili akishukuru. Akatafuta sauti. Akatafuta tena. Alikuwa anajua mahali pake, alikuwa ameifungua kila siku tangu Pasaka. Akainua macho. Na Ingosi, fundi ambaye hakuwahi kushindwa na simu, akaanza kupanga bisibisi zake kwenye blanketi na kusema, "Ah, Mama, simu imejifuta. Huyu msichana alikuwa anaiguzaguza na waya mbovu, na hizi vitu haziguswanga ovyo."

Mama Mmbone akanigeukia mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na fundi hapingwi mbele ya mteja, hiyo nayo nilikuwa nimefundishwa. Nikatazama chini. Hakulia wala kugomba. Akaifunga simu kwenye pindo la leso, akajitwika kapu, akatoka. Juma alipofika jioni na ule waya mzuri, nilimweleza yote, tukajaribu kila programu ya kurejesha vitu vilivyofutwa. Simu ilikuwa imeondoka, lakini tulijaribu kwenye nyingine ya aina ileile, kuona kama ingewezekana. Haikuwezekana. Juma akasema astaghfirullah, akauzungusha waya mkononi, akaenda zake.

Ijumaa Mama Mmbone alirudi. Alisimama mlangoni, hakuingia, akaniambia mimi, "Kesho kwa chifu, saa tatu. Uje." Alipoondoka Ingosi akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya mchana. Akaniambia nikienda nitasema nini, nina ushahidi gani mkononi? Nitaulizwa maswali na wazee mpaka nilie. Wataniuliza simu ilifutwa na nani. "Ukichafua hii duka, hakuna fundi Kakamega mzima atakupatia kazi. Hata ya kufagia." Jumamosi nilikaa kwenye kigoda changu nikibandika plastiki kwenye vioo, kazi tuliyokuwa tunaicheka. Wiki iliyofuata, kupitia ukuta wa mbao, nikamsikia mteja mmoja akimwambia fundi wa cherehani kwamba yule bibi ya Lihanda ametolewa, vyombo vyake viliwekwa barabarani, alionekana ameketi juu ya godoro akingoja pikapu. Cherehani ikaendelea. Ingosi pia alisikia. Akaongeza sauti ya redio yetu.

Nilibaki kwake mpaka Disemba. Nasema hivyo bila kujitetea. Nilihitaji kazi, nilimwogopa, na nilijiambia kwamba kilichopotea kimepotea, maji yakimwagika hayazoleki, ningefanya nini? Miaka yote hii hasira yangu imekuwa juu ya kile kisanduku na ile tiki. Nimemgombeza Ingosi nikiwa bafuni, nikiwa barabarani, nikiwafundisha vijana wangu. Niliamini kosa lote liko pale, kwenye kidole kimoja cha mzee mmoja mwenye kiburi.

Jumamosi baada ya mazishi nilikwenda Malava. Nyuma ya soko kuna mstari wa vyumba vya kupangisha vyenye milango ya bati, na Mama Mmbone alikuwa ameketi mbele ya cha tatu, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Amezeeka mikono kuliko uso. Nilipomsalimu alisimamisha mikono juu ya ungo. "Wewe ni ule wa kwa Ingosi." Nikamwambia Ingosi ameaga dunia. Akasema alisikia. Akanisogezea kigoda kwa mguu. Nikaketi nikamwambia yote, betri, stima, waya uliokuwa kwa fundi wa cherehani, tiki. Nilisema kwa haraka, na nadhani nilikuwa nimeanza kulia, kwa sababu nilikuwa nimengoja miaka mingi mtu wa kuniambia kwamba haikuwa mimi.

Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. "Hayo ya tiki mimi sijui," akasema. "Lakini nilijua amefuta yeye. Hakunitazamanga tena tangu nishike simu." Akatupa jiwe. "Wewe unajua chifu aliniuliza nini hiyo siku?"

Nikasema sijui.

"Nilimwambia sauti imepotea kwa fundi. Shemeji zangu wakacheka. Chifu akawaambia nyamazeni. Akaniuliza, kuna mtu mwingine aliisikia, mtu si wa boma lako? Nikasema ndiyo, kuna msichana wa Amalemba, anaitwa Muhonja, nimemwambia akuje. Chifu akasema, basi tumngoje. Tukangoja. Saa tatu, saa nne. Shemeji zangu pia walingoja, tena walikuwa wameanza kuogopa, mmoja akatoka nje kuvuta sigara mara tatu. Saa saba chifu akaniambia, Mama, mtu wako hakuji."

Akanyanyua ungo, akaupeta mara mbili, maganda yakaruka.

"Wamelima miwa mpaka juu ya kaburi yake," akasema. "Nilienda mwaka jana kuona. Sikujua hata pa kusimama."

Na mimi, sijui ni kwa nini, nikaanza kuyasema maneno ya Mzee Lihanda. Yalikuwepo yote. Sikuwa nimeyaandika popote wala kumwambia mtu, lakini nilipofungua mdomo yalikuja kwa mpangilio wake, na kikohozi mahali pake. Mimi Lihanda, nasema nikiwa na akili zangu. Ndugu zangu walipewa yao baba akiwa hai, na wanajua. Nyumba hii, na shamba kutoka kwenye mti wa lusiola mpaka mtoni, ni la mke wangu. Mtu asimtoe. Kisha akakohoa, akauliza, imeshika? Na sauti ya mwanamke ikajibu, imeshika.

Mama Mmbone alikuwa ameacha kuchambua. Alikaa akitazama ukuta wa bati wa jirani, na taya lake lilikuwa linatetemeka, na nilipoliona nikadhani ni huzuni. Haikuwa huzuni.

"Hakusema mke wangu," akasema. "Alisema Mmbone. Alinitaja jina."

"Ndiyo, Mama. Alikutaja jina."

"Sasa umekuja kuniambia mimi. Mimi nilikuwa hapo akisema. Mimi ndiye nilishika simu."

Aliurudisha ungo mapajani, akainama juu ya maharagwe yake. Nilikaa pale kwenye kigoda nikiwa na umri wa mtu mzima na duka la jina langu mjini, sina mtu aliyebaki wa kumkasirikia ila mmoja. Nikamwuliza chifu wa kule siku hizi ni nani.

"Ni yule yule," akasema, bila kuinua kichwa. "Anakuwanga ofisini Alhamisi."